Kaburi la Yago

Kapkatet,
9 Agosti 2023

Mjukuu wangu Beverly,

Nisamehe nikianza na jambo lenyewe kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Kuna kisiwa nilichokificha kwa miaka hamsini na mmoja. Ni hicho ulichomo sasa. Sikuzaliwa Kendu Bay kama nilivyomwambia marehemu nyanya yako Elmina, na mama yako, na wewe. Nilizaliwa Mfangano.

Sasa nikusalimu. Uko mzima? Kifua hakikusumbui na huo upepo wa ziwani? Mimi bado napumua. Miguu imevimba tena. Daktari ameniongezea vidonge viwili na kuniambia moyo umechoka, nisipande ngazi, kana kwamba nyumba yetu ina ngazi. Mama yako mdogo Nyabate ananipikia mboga bila chumvi na kunikemea kama mwanafunzi wa darasa la pili. Jana mvua ya mawe ilichanachana majani ya chai yote ya shamba la juu, na leo ukungu haujainuka.

Picha thelathini ulizotuma zilifika salama. Sagini wa ofisi ya vifurushi alizileta mwenyewe, akasema mjukuu wako anatumia wino mwingi kuliko serikali. Uliniomba niandike maelezo ya kila picha kwa ajili ya kitabu chako, kwa sababu wewe unajua kuona na mimi najua kuandika. Nimeandika kumi na tatu. Wanawake wakianika omena juu ya nyavu kuukuu. Mashua zilizochorwa majina ya binti za wenye mashua. Nyumba za mabati zilizopangiwa mawe juu ili upepo usiondoke na paa. Ni kazi nzuri. Hukuwapanga watu, umewaacha na shughuli zao.

Kisha nikafika ya kumi na nne. Nyumba ya udongo, ya duara, imesimama peke yake nje ya ua wa minyaa, na mlango wake umeangalia lango la boma ambalo haimo ndani yake. Nyuma yake umeandika: "Babu, mbona paa hili halina ule mti wa kileleni?"

Nitakujibu kama mwalimu. Mti ule huitwa osuri. Husimama juu ya nyumba ya mwanamume aliye hai. Mwenye nyumba akifa, huvunjwa.

Nalijua boma hilo, Beverly. Usirudi huko. Usilale huko, usile huko. Mtu akikuuliza babu yako ni nani, mwambie ni Mwalimu Okoth wa Kapkatet, basi. Piga picha za ndege na za maji.

Wako,
Babu


Mfangano,
17 Agosti 2023

Mpendwa Babu,

Pokea salamu kutoka kwa mjukuu wako aliyeungua pua na jua. Mimi ni mzima, isipokuwa nimechoka kula samaki, jambo ambalo hapa huwezi kulitamka mbele ya watu. Vipi miguu? Mama mdogo anasema kwa simu kuwa unaficha vidonge chini ya mto. Babu, vimeze.

Barua yako imenifikia jana. Nilikuwa nimesharudi kwenye boma lile siku tatu kabla, kwa sababu mwanga wa asubuhi unaiangukia ile nyumba vizuri. Kwa hiyo onyo lako limechelewa, na sasa nitakueleza yaliyotokea, halafu wewe utanieleza mengine.

Mwenye nyumba anaitwa Mama Jerusa. Ni mkongwe, anatembea kwa fimbo mbili. Alikuwa mlangoni akichambua omena, na alipoiona kamera akaniuliza hizi picha huwa tunazipeleka wapi, au kuna nchi ambako watu wanazipika. Mwendesha boda aliyenileta akamwambia huyu dada ni wa vitabu. Akasema, "Basi apige vidole, maana uso umeshaisha." Tukacheka. Nikapiga vidole.

Nilipoinama kumwonyesha picha, akanishika kidevu. Akanigeuza uso upande huu na upande ule, kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. Kicheko kikamwisha usoni. Akasema polepole, "Pua hii niliizika."

Akaniuliza mimi ni wa nani. Nikasema wa Mwalimu Okoth wa Kapkatet. Akasema hamjui mtu huyo, akarudia omena zake, na hakuniangalia tena.

Binti yake, Monicah, mwanamke wa miaka hamsini hivi, ndiye aliyenipeleka ndani ya ua kuona makaburi. Ni mawili ya saruji, yamelala sambamba. Nimeyapiga, picha imo humu. Moja limeandikwa Oyugi Ooko, 1946 hadi 1972. La pili Johana Ooko, 1951 hadi 1972. Walikuwa ndugu, na walikufa juma moja. Monicah anasema chini ya lile la kwanza hamna mtu. Ziwa lilikataa kutoa mwili, kwa hiyo wazee walilifunika shuka tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kama mtoto aliyelala, wakalililia na kulizika. Oyugi ni baba yake. Alizaliwa miezi saba baada ya mazishi hayo. Anasema shuleni walimwita binti wa yago, na akicheka anafunika mdomo kwa mkono, vile mama yangu alivyokuwa akifunika.

Babu, Oyugi Ooko ni nani kwako? Na kwa nini ndugu wawili wamekufa katika juma moja?

Mjukuu wako,
Beverly


Kapkatet,
25 Agosti 2023

Mjukuu wangu,

Salamu kwako. Ninameza vidonge. Usiku nalala nimeketi kwa sababu nikilala chali hewa haitoshi. Mengine ni mazima.

Nimeitazama picha ya makaburi kwa siku tano. Sikuandika maelezo yake. Si watu wengi wanaopelekewa picha ya mahali walipozikwa.

Oyugi Ooko ni mimi. Shuleni niliandikwa Phelix Okoth, na cheti changu cha ualimu kina jina hilo, lakini kisiwani hakuna aliyenijua kwalo. Nilikuwa mtoto wa kwanza wa Ooko na nilikuwa nimeoa. Jerusa ni mke wangu. Baba alinichagulia akiwa na akili timamu, na hakuna kosa ninaloweza kumtajia.

Nilikwenda chuo cha ualimu huku Kericho, nikakutana na Elmina, binti wa mchungaji kutoka Kisii. Alikuwa mtu wa kanisa hasa. Aliniambia mapema, kabla sijauliza, kuwa hataingia nyumba yenye mwanamke mwingine, wala hataolewa na mwanamume aliyemfukuza mke. Nikamwambia sina mke. Nilikuwa nimesema uongo, na baada ya hapo nikatafuta njia ya kuufanya uwe kweli. Kumwacha Jerusa kungeleta mikutano ya koo mbili na habari zingevuka ziwa. Mtu aliyekufa hana mikutano.

Nilirudi likizo ya Agosti, 1972. Jumatano asubuhi niliingia na mashua yangu, nikaacha shati na viatu ndani yake, nikaisukuma iende. Basi. Nikaja huku, nikaoa, nikafundisha watoto wa wachuma chai kwa miaka thelathini na minne. Watoto wangu niliwapa majina ya kwa mama yao, Kisii. Watu walinisifu kwa kuheshimu wakwe.

Sikujua kuhusu Monicah. Hilo ni kweli, lakini usiniandikie kuwa linanipunguzia chochote.

Umeshajua. Sasa ondoka huko.

Babu yako


Mfangano,
6 Septemba 2023

Babu,

Salamu. Natumai unapumua vizuri zaidi. Nilikaa na barua yako siku nne bila kujua niichukie karatasi au mwandishi. Kisha nikamsomea Monicah, na Monicah akataka mama yake asikie.

Mama Jerusa haamki tena kitandani. Alisikiliza barua yote. Hakulia. Aliuliza kama ulipata watoto, nikasema watano. Akauliza kama unakula. Nikasema bila chumvi. Akasema, "Hata mimi." Halafu akageukia ukuta, akasema maneno ambayo Monicah aliyarudia mara mbili ili niyaelewe: "Aje ayaseme kwa wazee. Mimi nimeyasema miaka yote hakuna aliyesikia."

Sasa sikiliza jambo ambalo hukuliuliza. Siku ile ulipotoweka, majirani walisikia Jerusa akigombana nawe. Wakasema alikulaani. Johana alipokufa siku iliyofuata, wakasema laana ilikuwa kubwa, ikachukua na wa pili. Baba yako alimtoa nje ya ua akiwa na mimba. Hakuna ndugu aliyethubutu kumrithi. Miaka hamsini na mmoja amelala nje ya boma aliloolewa, na wanamwita mwanamke aliyemeza ndugu wawili. Neno la ukoo ni kwamba akifa atazikwa hukohuko nje, upande wa vichaka, kama mtu asiye na kwao. Hilo ndilo linalomuua, Babu. Anataka kulala ndani ya ua, upande wa kushoto wa mahali ilipokuwa nyumba yake. Hataki kingine.

Nilikwenda na barua yako kwa Mzee Otula, mkubwa wa ukoo. Aliisoma kwa miwani yake na kwa miwani ya mwenzake. Akasema barua ni karatasi, lakini haya, tukubali kuwa Oyugi yu hai anachuma chai. "Na Johana? Johana naye yuko Kapkatet?"

Wazee wakacheka. Johana alikufa vipi?

Mjukuu wako,
Beverly


Kapkatet,
13 Septemba 2023

Mjukuu wangu,

Nakusalimu. Hali ni ileile. Mvua ni nyingi na kiwanda kinanguruma mchana kutwa.

Kuhusu Johana, sijui. Nilikuwa nimeshaondoka. Habari za kifo chake nilizipata miezi mingi baadaye kutoka kwa mchuuzi wa samaki katika soko la Ndanai, ambaye hakujua anazungumza na nani. Upepo wa Agosti ni mbaya huko. Mwambie Mzee Otula hivyo.

Nakutumia maelezo ya picha zilizobaki. Ile ya mafundi wakiziba mashua kwa pamba na mafuta ndiyo nzuri kuliko zote. Iweke mwanzoni mwa kitabu. Ile ya kumi na nne usiitumie.

Babu yako


Mfangano,
21 Septemba 2023

Babu,

Salamu. Nitaandika kifupi, mashua ya Mbita inangoja.

Nilimwambia Mzee Otula ulivyosema. Hakubishana. Alihesabu kwa vidole. Anasema mwaka ule palikuwa na mashua mbili tu za abiria kwa juma, na wenyewe walikuwa jamaa zenu, wasingekuvusha kimyakimya. Wachuuzi wa mbali, watu wasiokujua, walikuja siku za Ijumaa tu. Wewe unasema uliacha shati Jumatano. Johana alikufa Alhamisi.

"Muulize babu yako," akaniambia, "Alhamisi alikuwa wapi."

Nakuuliza.

Beverly


Mfangano,
4 Oktoba 2023

Babu,

Ni wiki mbili bila jibu. Mama mdogo Nyabate anasema karatasi iko kitandani na kalamu iko mkononi, na hakuna neno. Anasema pia kuwa daktari amekuja nyumbani mara mbili. Sitaki kukusukuma. Lakini sikia.

Mama Jerusa amefariki Jumapili saa nne asubuhi. Monicah alikuwa akimpaka mafuta miguuni, akadhani amesinzia.

Mazishi ni Jumamosi tarehe 14. Wazee wameshaonyesha mahali pa kuchimba, nje, karibu na vichaka. Mzee Otula si mtu mbaya. Aliniambia kwamba hana njia: ukoo hauwezi kumweka ndani mwanamke ambaye kifo cha Johana kiko juu yake, mpaka kifo hicho kipate mwenyewe. Kaburi litachimbwa Ijumaa mchana. Kabla ya hapo wako tayari kusikiliza.

Monicah hataki umwombe radhi, wala umpe jina, wala fedha ya jeneza. Anataka mama yake aingie ndani ya ua.

Ninapiga picha kila siku. Leo nilipiga mikono ya wanawake wakimvisha. Sijui kama nina haki ya picha hizi. Ni za nyumbani kwetu, na nimeingia kama mgeni.

Kama unajua, andika. Kama hujui, andika kuwa hujui, na uape.

Mjukuu wako bado,
Beverly


Kapkatet,
7 Oktoba 2023

Mjukuu wangu Beverly,

Nakusalimu, na kupitia kwako namsalimu Monicah, nikimwita binti yangu kama hatakasirika. Nawapa pole ya msiba, ingawa sistahili kuitoa. Afya sitaieleza. Naandika mistari mitatu na kupumzika. Nyabate amenishikia ubao, na amekubali kuangalia dirishani ninapoandika. Sagini mwenyewe ataivusha barua hii. Isomwe kwa sauti mbele ya Mzee Otula na wazee wote kabla jembe halijagusa udongo.

Jerusa hakumlaani mtu. Jumatano ile nilimchokoza makusudi, nikamtukania kwao mpaka akapaza sauti, kwa sababu nilitaka majirani wasikie na waseme Oyugi aliondoka na hasira, hakuangalia upepo. Maneno yake yalikuwa haya: "Ukitaka kwenda nenda, mimi nimechoka kukuomba." Mengine waliyaongeza watu. Nilijua watayaongeza.

Nilipokuandikia kuwa nilikuwa nimeshaondoka, nilikudanganya. Mzee Otula amehesabu sawa. Nilipoisukuma mashua niliogelea hadi kwenye miamba ya upande wa machweo, ambako watu wetu hawatupi nyavu kwa sababu ya mawimbi. Nilikuwa nimeficha huko nguo na viazi vya kuchemsha. Nilikusudia kuwangoja wachuuzi wa Ijumaa.

Nilikuwa mtu aliyesoma, na nilidhani nimefikiria kila kitu. Lipo nililolidharau. Wazee wanalijua, nakueleza wewe. Katika boma letu, mtu akizama, hakuna anayekwenda kutupa nyavu za kumtafuta mpaka ziwa liombwe kwanza. Anayeliomba ni ndugu wa tumbo moja. Huenda peke yake, akazunguka akiita jina la aliyezama, na kila akiita hunyamaza kidogo ili marehemu apate nafasi ya kuitika. Na haiti akiwa ameketi. Aliyekufa haitwi na mtu aliyeketi. Baba alitufundisha hayo sote wawili. Mimi niliyacheka. Johana hakucheka.

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Aliogopa maji tangu utotoni, na mimi ndiye niliyejaribu kumfundisha kuogelea, nikachoka kabla hajajua. Alhamisi, jua likiwa limepanda, niliona mashua ndogo ya baba ikiizunguka rasi. Upepo ulikuwa umeshaanza. Alivuta makasia akayaweka chini, akasimama katikati ya mashua, miguu imepanuka, mikono mdomoni.

Aliita mara nne. Mashua ndogo haimvumilii mtu aliyesimama katika mawimbi yale, na kila mvuvi anayesikiliza barua hii anajua. Wimbi lilimkuta akingoja baada ya mara ya nne. Mashua ilipinduka, na kichwa chake kilionekana mara mbili. Nilikuwa naweza kuogelea mpaka pale. Ijumaa nikapanda mashua ya wachuuzi.

Wazee wangu, Johana hakumezwa na mdomo wa mwanamke. Kifo chake kina mwenyewe, naye ndiye anayeandika. Mwingizeni Jerusa ndani ya ua, upande wake wa kushoto. Lile tunda mliachie kaburi lake. Mimi nitazikwa hapa, na msinililie mara ya pili.

Beverly, uliniuliza alikufa vipi, nami nimejibu. Umebaki mstari mmoja, ambao nimeuzunguka kwa wiki mbili. Wazee watasema pengine upepo ulikuwa na kelele, pengine Oyugi hakumsikia. Nawaomba wasinionee huruma hiyo. Palikuwa karibu, kama kutoka mlangoni kwetu hadi barabarani. Nilisikia jina langu mara zote nne, na kila alipolitaja alinyamaza akiningoja, nami nilikuwa mzima, nimeketi juu ya jiwe, nimeuziba mdomo wangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Babu yako,
Oyugi